UZI: Nyoka wa kufugwa anavyozeeka, na kifo chake cha kawaida kinavyokuja

#1 GambaKavu

Wakuu, salaam. Kila baada ya muda anaibuka mtu humu na "nyoka kafa kwa uzee", ukiuliza umri unaambiwa miaka minane. Chatu wa miaka minane ni kijana. Kafa kwa kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho kilikuwa kinaonekana miezi sita kabla.

Tuanze na umri, maana bila huo tutakuwa tunapiga ramli. Chatu-mpira (Python regius, yule mfupi wa Afrika Magharibi anayejikunja akiogopa) akitunzwa vizuri hufika miaka 20 hadi 30. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis kule Marekani jike mmoja alipokelewa mwaka 1961, na mwaka 2020 akataga mayai 7 huku umri wake ukikadiriwa kupita miaka 60. Huyo ni wa pekee, lakini anaonyesha mwili huu unaweza kufika wapi. Nyoka mahindi wa Marekani ni miaka 15 hadi 20. Boa wa mchangani wa huku kwetu Afrika Mashariki (Eryx colubrinus) hufika 20 na hata kupita. Nyoka kahawia wa majumbani, yule Boaedon anayeingia ndani kufuata panya, ni kama miaka 10 hadi 15 akiwa kizimbani.

Usimkadirie nyoka umri kwa urefu. Aliyeshindiliwa chakula anakuwa mkubwa akiwa na miaka mitatu kuliko mwenzake wa miaka sita. Wala usimfungue mdomo kuangalia meno kama tunavyofanya kwa mbuzi: meno ya nyoka hung'oka na kuota mengine maisha yake yote. Kinachojua umri ni daftari tu. Muuzaji akikwambia "huyu bado mtoto" na hana tarehe ya kuanguliwa, andika tarehe ya kununua na uandike pembeni "umri haujulikani".

Sasa uzee wenyewe. Unaanza kwenye misuli. Mlaze nyoka juu ya meza, inama, mtazame kutoka usawa wa mwili wake. Mwenye afya mgongo umeviringa kama boflo, na uti umelala katikati ya mito miwili ya misuli. Anayezeeka ile mito inanywea, mwili unachukua umbo la paa la makuti, mteremko huku na huku, na uti ndio ncha ya juu. Pitisha kidole gumba taratibu toka shingoni hadi karibu na mkia. Ukihisi pingili mojamoja kama shanga, misuli imeondoka. Ukifika sehemu ya sentimita tano au kumi ambayo ni ngumu, nene kidogo, na haipindi mwili unapopinda, hapo pingili zimeshikana. Hilo ni la wazee wengi, na ndilo linalomfanya ashindwe kujizungusha kwenye mlo au kuingia pangoni mwake.

Kujivua gamba nako kunapungua. Kinda hujivua kila wiki 4 hadi 6, mtu mzima mara chache kwa mwaka, na kizee anaweza kukaa miezi mingi, kisha gamba likatoka vipandevipande. Ulimi unatoka mara chache. Jeraha dogo ambalo zamani lilifungwa na gamba mbili sasa linataka nne.

Hayo ndiyo ya uzee. Kukonda haraka, kutapika, povu mdomoni, kichwa kupinda kutazama juu: hayo ni ugonjwa, hata kama nyoka ana miaka 25.

#2 ZuwenaT

Asante kaka GambaKavu. Naomba ufafanuzi wa macho. Nyoka wa miaka 18 jicho limekuwa na ukungu. Nitajuaje kama anajiandaa kujivua au ndiyo mtoto wa jicho?

#3 Dkt_Temeke

Dada Zuwena, angalia mambo matatu.

Ukungu wa kujivua unakuja macho yote mawili kwa pamoja, rangi ya samawati ya maziwa, na ngozi ya mwili inafifia pia, tumbo linakuwa na wekundu kidogo. Baada ya siku chache macho yanasafika, kisha ndani ya wiki gamba linatoka. Kwa hiyo hesabu siku: ukungu ukipita wiki tatu bila gamba kutoka, si kujivua.

Mtoto wa jicho uko ndani, nyuma ya mboni. Washa tochi ndogo ya simu kwa pembeni, si moja kwa moja. Ukungu wa juu unaonekana kama kioo chenye mvuke. Wa ndani unaonekana kama punje nyeupe iliyo kilindini, na juu yake jicho linang'aa kawaida.

Cha tatu ni kifuniko cha zamani kilichobaki. Nyoka hana kope. Ana gamba angavu juu ya jicho ambalo linatakiwa kutoka pamoja na gamba lote. Chukua gamba lililotoka, tafuta sehemu ya kichwa, uone vile viduara viwili. Kimoja kikikosekana, kimebaki jichoni, na ukingo wake unaonekana una mikunjo. Usikibandue kwa kucha wala kibanio wala utepe wa gundi. Ukikosea unang'oa na kile cha chini, jicho linakauka na kupotea. Mweke kwenye boksi lenye taulo lililoloweshwa na kukamuliwa, joto la nyuzi 28 hadi 30, saa moja mpaka mbili, kisha mwache apite mwenyewe katikati ya taulo. Rudia kesho yake. Kisipotoka, subiri kujivua kunakofuata au mlete kwa daktari.

Nyoka kipofu anaishi vizuri tu, anatumia ulimi, na chatu ana vishimo vya joto mdomoni. Usimhamishie vitu kizimbani, hilo tu.

#4 MsasaniReptilia

Dokta, ongeza la figo. Hapo ndipo wengi wanapofia.

#5 Dkt_Temeke

Kweli mkuu, tuliseme kwa urefu.

Nyoka hana kibofu. Uchafu wa figo unatoka kama chokaa nyeupe au ya rangi ya krimu pamoja na kinyesi. Ya kawaida ni laini, ukiibonyeza kwa kijiti inasambaa kama uji mzito. Ikiwa ngumu, yenye mchanga, inavunjika kama chaki, nyoka hana maji ya kutosha mwilini. Ikiwa ya kijani baada ya kufunga kula kwa muda mrefu, inawezekana ni nyongo. Ikiendelea baada ya kuanza kula, fikiria ini.

Figo zikichoka, ile chokaa haitoki yote. Inaganda kwenye viungo, kwenye utando wa moyo, kwenye ini na kwenye figo zenyewe. Hiyo ndiyo jongo ya nyoka. Kwa nje unaweza usione chochote zaidi ya kunywa maji mengi, kukataa kula na kukonda, halafu asubuhi moja amekufa na mwenye nyoka anasema "alikuwa mzima tu". Sehemu ya nyuma ya mwili, robo ya mwisho kabla ya mkia, ndiko figo ziliko. Ukipapasa pale ukakuta uvimbe mrefu mgumu, nenda kapime damu na altrasaundi. Unaweza kuwa figo zilizovimba, unaweza kuwa yai lililokwama kwa jike, unaweza kuwa saratani. Uvimbe wa saratani kwa nyoka wazee si jambo la ajabu.

Jongo inatengenezwa kwa miaka: maji yaliyokauka kwenye bakuli, kizimba chenye joto kali kisicho na upande wa baridi, na mlo mkubwa kupita kiasi. Ukizuia hayo matatu umeongeza miaka.

#6 Kigamboni_Chatu

Mimi naona mzee akikonda apewe panya mkubwa ili arudishe nguvu, apumzike mwezi mzima. Kuna ubaya?

#7 GambaKavu

Upo, mkuu, tena mkubwa. Mzee hana nguvu ya kusagia mlo mkubwa. Utakaa tumboni, utaoza kabla haujasagwa, na atautapika siku ya pili au ya tatu. Kutapika kunamnyang'anya maji na chumvi za mwili kuliko kufunga kula wiki nzima.

Tufanye hesabu. Chatu-mpira wa gramu 1,600 mwenye afya anatosheka na panya wa gramu 70 hadi 90 kila wiki mbili au tatu, yaani kama asilimia 5 ya uzito wake. Mzee mshushe hadi gramu 50 au 60, muda uleule, halafu mizani ndiyo iamue. Uzito ukishuka polepole, punguza siku za katikati, usiongeze ukubwa wa panya. Ukipanda, ongeza siku.

Mizani ya jikoni inatosha. Weka boksi la plastiki juu yake, irudishe sifuri, muweke nyoka, funika. Pima tarehe ileile kila mwezi, kabla ya kulisha na baada ya kujisaidia, maana kinyesi na chokaa vinaweza kuwa gramu nyingi vikakudanganya. Huyo wa 1,600 akifika 1,440 amepoteza asilimia 10. Hapo usingoje mwezi wa pili, tafuta daktari. Chatu-mpira mzima anaweza kugoma kula miezi kadhaa bila shida kama uzito umesimama. Kugoma na kukonda kwa pamoja ndiyo taabu.

Panya awe ameshakufa. Hili kwa mzee ni lazima. Shabaha yake imepungua, na panya hai akimkosa kukabwa anamtafuna mgongo mpaka mfupa uonekane. Aliyegandishwa mtoe friza, mweke friji usiku kucha, kisha ndani ya mfuko kwenye maji ya moto ya kuvumilika kwa mkono dakika 20 hadi 30, mpaka ukimbonyeza tumbo usihisi barafu ndani. Panya wa mtaani usimpe kabisa, hujui amekula sumu gani jana yake.

Akitapika: safisha, maji safi, joto sahihi, usimguse, usimlishe siku 10 hadi 14, kisha anza na mlo nusu ya ule wa kawaida. Akitapika tena, si suala la mlo.

#8 MsasaniReptilia

Na unene nao useme, maana hapa Dar ndio unaoua wengi kabla ya kuufikia huo uzee. Nyoka akikunjwa ngozi ikaonyesha mikunjo ya mafuta, na mkia ukaonekana mwembamba ghafla baada ya tumbo nene, ini lake tayari limejaa mafuta. Huyo ukimkatia chakula ghafla ili akonde, mafuta yanakimbilia ini zaidi. Mpunguze polepole kwa miezi, panya wadogo, siku zilezile.

Kule California, kwenye Ziwa Eagle, kuna nyoka gata wa aina moja (Thamnophis elegans) wanaoishi kwa namna mbili. Wa ufukweni wanakua haraka, wanazaa mapema, wanakufa mapema. Wa kwenye mbuga za mlimani wanakua taratibu na wanaishi zaidi. Wale ni wa porini na tofauti yao iko kwenye damu, lakini kukua haraka na kuzeeka haraka kumekwenda pamoja. Kumshindilia kinda ili awe mkubwa wa kupigia picha ni kumkata miaka.

#9 ZuwenaT

Na joto la hapa? Januari chumba chini ya bati kinafika 33 bila taa yoyote, Julai usiku kinashuka 20.

#10 Kigamboni_Chatu

Pia umeme ukikatika usiku mzima mzee atavumilia?

#11 GambaKavu

Lile la panya mkubwa, Kigamboni, lilikuwa swali la msingi. Nawajibu wote wawili.

Chatu-mpira anataka upande wa joto 31 hadi 32 na upande wa baridi 25 hadi 26. Kuanzia Desemba hadi Machi tatizo letu ni upande wa baridi kupotea. Chumba kikiwa 33, zima kifaa cha joto mchana, kishushe kizimba sakafuni kwenye saruji au vigae, elekeza feni ipitishe hewa chumbani lakini isimpulize mnyama, na weka bakuli zito la maji analoweza kujiviringisha ndani yake. Maji yasipite nusu ya unene wa mwili wake. Mzee aliyechoka anazama kwenye bakuli ambalo kijana angetoka bila shida.

Juni hadi Agosti geuza. Mzee hapandi tena kwenye tawi kufuata taa, kwa hiyo joto lije pale alipolala. Mkeka wa joto uwe chini ya theluthi moja ya kizimba, nje, na themostati (kifaa cha kudhibiti joto) yenye kihisi kilichobandikwa palepale nyoka anapolala. Bila themostati usiuwashe. Mzee hasogei haraka, atalala juu ya sehemu ya nyuzi 45 mpaka tumbo liungue, na wewe utaona malengelenge siku ya tatu.

Unyevu wa Dar unatosha wenyewe. Usimwagie maji matandiko kila siku kama unavyoona wanafanya wafugaji wa nchi zenye hewa kavu. Matandiko yaliyolowa na kizimba kisicho na matundu vinaleta magamba ya tumbo kuoza na kifua kujaa. Weka boksi moja tu lenye unyevu, mengine yabaki makavu.

Umeme ukikatika: chupa za lita moja na nusu za maji ya moto, kila moja iviringishwe kanga mara mbili, ziegemezwe kizimba kwa nje, zibadilishwe kila baada ya saa mbili au tatu. Ila jambo la maana zaidi ni ratiba ya kulisha. Mlo unataka siku tano hadi saba za joto la uhakika. Wiki ambayo umeme unayumba, usilishe. Njaa ya wiki mbili haimuui, panya anayeozea tumboni anamuua.

#12 Dkt_Temeke

Nataka niandike kuhusu siku za mwisho, kwa kuwa watu wanaogopa kuuliza.

Nyoka mzee anayeondoka taratibu kwanza anaacha pango lake. Analala wazi, amenyooka au amejikunja kwa ulegevu, kichwa chini. Anakunywa kwa muda mrefu, mara nyingine anaacha kidevu ukingoni mwa bakuli. Ukimshika, badala ya kukukamata mkono anamwagika kama kamba ya katani iliyolowa. Ulimi unatoka nusu na kurudi. Mwishoni pumzi zinaachana sana, dakika moja, dakika mbili, halafu moja ndefu. Mdomo ukifunguka na kubaki hivyo, au ukisikia mluzi na kuona makamasi, mapafu yameziba. Hapo anateseka na inabidi aonwe siku hiyohiyo.

Katika siku hizo usimlazimishe kula. Joto la 28 hadi 29 pande zote, giza, maji ya chini karibu na kichwa, gazeti safi badala ya vipande vya mbao. Dawa za maumivu za binadamu usiguse, nyingine zinamalizia figo.

Lini umuite daktari amlaze usingizi wa mwisho? Akiwa amepoteza kama robo ya uzito wake na unaendelea kushuka, ukimgeuza chali hawezi kujirudisha, nusu ya nyuma haisogei, au anapumua kwa mdomo. Daktari anachoma dawa ya usingizi kwanza, akishazimika kabisa ndipo anatoa pentobabitali (dawa yenyewe ya kummaliza), kisha anahakikisha ubongo umeharibiwa. Hatua hiyo ya mwisho isirukwe: ubongo wa nyoka unastahimili kukosa hewa muda mrefu kuliko wa mbwa au paka.

#13 Kigamboni_Chatu

Friza je? Wengi wanasema nyoka ana damu baridi, analala tu taratibu.

#14 Dkt_Temeke

Hapana, ndugu yangu. Asilani. Fuwele za barafu zinatengenezeka kwenye ngozi na misuli wakati bado ana hisia. Kumkata kichwa peke yake nako si suluhisho, kichwa kinabaki na fahamu kwa muda. Kama daktari wa karibu hajawahi kushika nyoka, aulize wenzake waliozoea wanyamapori. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kinafundisha udaktari wa mifugo, na simu moja inaokoa makosa mengi.

#15 ZuwenaT

Tutajuaje amekufa kweli? Nimesoma kuwa wengine wamezikwa wakiwa hai.

#16 GambaKavu

Swali zuri sana dada. Nyoka aliyepoa anafanana na maiti. Vilevile maiti inaweza kujikunja ukiigusa, na moyo unaweza kuendelea kupiga saa kadhaa baada ya ubongo kufa. Kwa hiyo dalili moja haitoshi.

Mpashe joto kwanza. Chumba cha 28 hadi 30, saa mbili au tatu, si juani. Kisha mlaze chali kwenye mwanga mkali. Pima urefu kutoka puani: kati ya robo na theluthi ya mwili ndipo moyo ulipo kwa nyoka wengi tunaofuga. Tazama magamba ya tumbo pale dakika tano kamili bila kuondoa macho. Moyo ukipiga, utaona magamba mawili matatu yakiinuka na kushuka kidogo mno, kama ngozi ya utosi wa mtoto mchanga. Daktari mwenye kifaa cha dopla atausikia hata usipoonekana.

Mgeuze uone kama kichwa kitaanza kujirudisha. Gusa ncha ya mkia. Fungua mdomo kwa kijiti laini: rangi ya ndani ikiwa ya waridi, subiri, ikiwa ya kijivu na mate yamekauka, amekwenda. Usipoona chochote, mwache saa tatu nyingine kwenye joto lilelile, rudia yote. Kwa joto la Dar huhitaji kusubiri sana baada ya hapo. Kukakamaa kunakuja na kupita, tumbo linaanza ukijani na harufu ndani ya siku moja.

#17 MsasaniReptilia

Kama unataka kujua kilichomuua, usisubiri huo ukijani. Mara tu mkithibitisha, mzoga uingie friji, si friza, maana barafu inapasua seli na mtaalamu hataona kitu kwenye hadubini. Friji ya nyuzi 4, ndani ya mifuko miwili, mbali na chakula, na upelekwe ndani ya siku moja. Maabara ya mifugo ya taifa iko hapahapa Temeke; piga simu kwanza uulize kama watampokea nyoka na kwa gharama gani. Kama kuna wenzake kizimbani au chumba kimoja, uchunguzi huu ni muhimu zaidi, kwa sababu kuna virusi vya chatu na vya boa vinavyofanana na uzee mpaka pale wa pili anapoanza kutoa makamasi.

Daktari akichukua vipande mwenyewe: ini, figo, moyo, pafu, na uvimbe wowote, kila kipande unene usiozidi sentimita moja, kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi vipande) ya asilimia 10, kipimo cha fomalini mara kumi ya kipande. Vaa glavu, nawa kwa sabuni, watoto wakae mbali. Nyoka wanabeba salmonela hata wakiwa wazima.

#18 Kigamboni_Chatu

Ngozi inaweza kubaki kama kumbukumbu?

#19 GambaKavu

Kwa chatu na wengine wa porini hapa nchini, ngozi, mifupa na hata fuvu ni nyara chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kuwa nazo bila kibali ni kosa, hata kama nyoka alikuwa wako kwa leseni. Wajulishe maofisa wa wanyamapori kuwa mnyama aliye kwenye kibali chako amekufa, na fuata watakachokuelekeza kabla hujazika.

Ukizika, shimo lisipungue sentimita 60, mbali na kisima. Maeneo kama Msasani na Jangwani maji ya ardhini yako juu, ukichimba ukakuta unyevunyevu hamia sehemu iliyoinuka. Na kama aliondoka kwa pentobabitali, dawa iko ndani ya mzoga na itaua mbwa au kunguru watakaoufukua. Huyo azikwe mita moja kwenda chini na kufunikwa kwa mawe, au achomwe kwenye tanuri la taka za hospitali ya mifugo. Jalalani asitupwe.

#20 ZuwenaT

Nimeprinti namba 7, 11 na 16, zinakaa ukutani juu ya kizimba. Leo mzee wangu amepimwa: gramu 1,515.

#21 GambaKavu

Andika na tarehe, dada. Turudishie namba ya mwezi ujao hapahapa.